Mtumba wa Gemu

Ukitaka kuwagombanisha vijana wa Mchikichini bila kutaja Simba na Yanga, uliza swali moja tu: kompyuta au PS? Kijiwe kizima kitawaka. Wa kompyuta watakutajia picha kali na kasi ya mashine. Wa PS watakujibu kwamba hajapata kuonekana mtu aliyebeba kompyuta kichwani mpaka Buguruni ili akamfunge mwenzake bao tano. Mabishano haya nimo tangu darasa la nne, na niseme mapema niko upande gani. Mimi ni mtu wa kompyuta. Ndiyo ninayochezea usiku, na ndiyo hiyo hiyo ninayoandikia riwaya yangu kukikucha.

Lakini, ndugu msomaji, naona tunabishana kwenye mlango usio wetu. Tunapima rangi, kasi na bei. Hatuulizi jambo ambalo sisi hapa tulipaswa kuwa wa kwanza kuliuliza: nikishamalizana na kitu hiki, je, naweza kumpa mwenzangu?

Nasema "sisi hapa" kwa sababu tunaishi ubavuni mwa Soko la Karume. Shati limeshonwa kiwandani, limevaliwa na mtu Ujerumani ambaye hatutamjua kamwe, likafungwa kwenye belo, likavuka bahari, likamwagwa chini pale Karume asubuhi na mapema, wajanja wakachagua kwanza. Kijana wa Mchikichini akalivaa miaka miwili, kisha akamwachia mdogo wake. Katika safari yote hiyo mwenye kiwanda hakumfuata mtu nyuma kumuuliza ana ruhusa gani. Aliuza, yakaisha. Soko lile liliungua Januari 2022, na watu wakarudi kuuza. Wapo wanaosema mtumba ni aibu ya taifa, na mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuuondoa taratibu. Mjadala huo una watu wake. Mimi nashika kitu kimoja ndani yake: mtumba unasimama juu ya haki ya mtu kutoa alichonunua. Ukiiondoa haki hiyo, maskini hapati kitu mpaka awe na bei ya kitu kipya.

Sasa tuingie kwenye gemu.

PlayStation 2 ilitoka Japani mwaka 2000, na kufikia mwaka 2013, ilipokoma kutengenezwa, zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 150. Nyingi tulizochezea sisi zilikuwa zimekwisha kuchezewa na wengine. Kibanda cha gemu kilihitaji televisheni ya kichogo, benchi, pedi mbili na umeme usiokatika. Sheria yake mnaijua: anayefungwa anapisha. Asiye na hela anakaa benchi, anatazama, na kwa kutazama anajifunza. Akiwa na bahati, mshikaji mkubwa anamwachia kipindi cha pili, na kawaida ni pale ambapo mechi imeshakuwa nne bila. Hata hivyo dogo anaishika pedi kana kwamba ndiyo kwanza mechi inaanza. Wengine walitembea na memori kadi mfukoni, MB 8 tu, wakiingia kibanda chochote wanaendelea walipoishia. Na CD ilikuwa ni kitu. Unaazimana, unabadilishana, unaiuza ukikwama nauli.

Najua wengi hapa wamekwisha kuguna: "CD zipi hizo, si zile za kuchoma?" Ndiyo, zilikuwepo tele, na sizitetei. Tofauti yake na mtumba inaonekana hata bila kusoma sheria. Nikikupa shati langu, mimi nabaki sina shati. Nikikuchomea nakala, wewe unayo na mimi ninayo, na aliyeitunga ameruka patupu. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 1999, na mimi ninayetaka kuishi kwa kalamu siwezi kuicheka. Ninachotetea ni kile cha kwanza. Kitu kimoja kinachohama mkono.

Upande wa kompyuta kuna kioja. Mwili wa kompyuta ni wetu kuliko mwili wa PS. Yangu ilikuwa ya ofisi fulani huko Ulaya. Ilifika Kariakoo imechoka. Fundi aliifungua kwa bisibisi moja, akabadili pawasaplai, akaongeza memori, na siku nyingine nikaongeza mwenyewe grafiki kadi iliyotoka kwenye mashine ya mtu mwingine. Kila kipande ni mtumba. Na ndani nako unaruhusiwa kuingia: mchezo kama Euro Truck Simulator 2, wa mwaka 2012, unakubali kijana achore basi lake mwenyewe, aliandike jina analotaka, aliingize barabarani. Konsoli haikubali utani huo kirahisi. Imefungwa kama sanduku la kura.

Lakini gemu lenyewe? Hapo ndipo sisi watu wa kompyuta tulipopigwa changa la macho, tena zamani. Kampuni ya Valve ilianzisha Steam mwaka 2003. Mwaka uliofuata ikatoa Half-Life 2, na hata ukiwa umenunua boksi lenye CD dukani, ilikulazimu uliunganishe na akaunti. Ukishaunganisha, ile CD ni plastiki ya kuwekea chai. Tangu hapo mwendo ndio huo. Yapo maduka kama GOG yanayokuachia faili lisilo na kufuli, na hiyo ni nafuu, ila hata pale ruhusa ya kuuza tena hupewi. Basi tazama: mashine naweza kuiuza kipande kipande mpaka skrubu, lakini gemu lililomo, nililolitolea jasho na bando la mwezi mzima, siwezi kumwachia mtu.

Wa PS msicheke. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza kwamba Xbox One itaweka masharti kwenye gemu zilizokwisha kutumika, na kwamba mashine lazima iingie mtandaoni kila baada ya saa 24. Watu walipiga kelele dunia nzima, na mwezi Juni mwaka huo huo kampuni ikarudi nyuma. Tukadhani yamekwisha. Mwaka 2020 ikaja PS5 isiyo na mdomo wa CD, na Xbox Series S ikaja hivyo hivyo. Mwaka 2024 PS5 Pro nayo ikatoka bila mdomo. Ukiutaka unaununua pembeni. Safari hii hakuna aliyetangaza sharti, mdomo umeondolewa tu. Na kwa sababu ile isiyo na mdomo ni rahisi zaidi, kijana aliyejibana ndiye anayeichukua, na yeye ndiye aliyeihitaji CD ya mtumba kuliko wote.

Hapa Dar tunalijua neno mpangaji. Unalipa kodi ya miezi sita mkupuo, unapaka chumba rangi kwa hela yako, na bado unajua si chako, kwa sababu mwenye nyumba alikuambia tangu siku ya kwanza. Hawa wa gemu walituandikia "nunua". Ubisoft waliuza mchezo wa magari uitwao The Crew tangu mwaka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 wakazima mitambo yake, na mchezo ukafa mikononi mwa watu, hata wa aliyetaka kuendesha peke yake bila kumsumbua mtu. Mwaka huo huo jimbo la California likapitisha sheria kwamba muuzaji wa namna hiyo amwambie mteja wazi kuwa anapewa leseni, wala haipati mali. Heri ukweli, sawa. Lakini mpangaji akishaambiwa ukweli, bado ni mpangaji.

Iko hoja moja inayoninyima usingizi, kwa kuwa inanigusa mimi. Mtunzi wa gemu atasema: "CD moja ikipita mikono kumi, nimelipwa mara moja. Mtoto wangu ale nini?" Nami natunga. Riwaya yangu ikitoka, nakala moja itasomwa na mtaa mzima, na mimi nitalipwa ya nakala moja. Je, nitafurahi?

Nimejibu hivi. Riwaya za Ben Mtobwa na Elvis Musiba nilizozisoma zilikuwa hazina majalada, zina majina ya watu watatu wanne ukurasa wa kwanza, nimezinunua chini, kwenye gazeti lililotandikwa kando ya barabara. Bila hizo nisingeijua hata hamu ya kuandika. Na swali hili halikuanza na kompyuta. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya riwaya, The Castaway. Mchapishaji alikuwa amechapa onyo ndani ya kitabu kwamba asiuze mtu chini ya dola moja. Duka la Macy's likauza kwa senti 89. Mahakama ikasema ukishauza nakala, hatima yake si juu yako tena. Mwaka 2019 mahakama moja ya Paris ilitaka kuisogeza fikra kama hiyo mpaka kwenye gemu za Steam. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikaitengua. Kwa hiyo kitabu kinauzika tena na gemu haliuziki, na sababu ninayoiona mimi ni kwamba kitabu hakina kamba ya kumrudisha kwa mwenyewe.

Basi ukinibana leo kijiweni, nitajibu kinyume cha mapenzi yangu: konsoli yenye mdomo wa CD ina haki zaidi kuliko kompyuta yangu. Picha zake zinaweza kuwa hafifu, mwili wake umefungwa, lakini inamjua mtu wa pili.

Mwaka 2024 iliripotiwa kuwa mteja mmoja aliwauliza Valve kama anaweza kuiacha akaunti yake kwenye wosia. Wakajibu kwamba haihamishiki kwa mtu mwingine, hata kwa wosia. Babu yangu alipofariki, ndugu walikaa kwenye mkeka wakagawana vitu vyake: redio, baiskeli, kanzu mbili, sufuria. Mimi nilipata koti. Ndani ya kola lina lebo ya Kijerumani iliyofifia, alilinunua Karume, na asubuhi za Julai ndilo ninalovaa nikiandika.