Kufika na Kupita

Kijana mmoja wa kwetu Masisi anasoma Ujerumani. Wakati wa likizo moja fupi alipanda treni akaenda Berlin siku mbili, kuona mji na kuonja vyakula vyake. Jioni akampigia mama yake simu, naye mama akaanza na lile lenye kila mama wa kwetu anauliza kwanza:

— Ulifikia kwa nani?

— Sikufikia kwa mutu, mama. Nililala ku hoteli.

— Na chakula?

— Nilinunua.

— Basi haukufika. Ulipita tu.

Alitueleza hayo akicheka, lakini tuliona neno lile limemchoma. Tangu siku ile sisi wenyewe tunabishana: mtu akilipa chakula chake mwenyewe, ni mgeni ao ni mpita njia?

Aliyoyaona si madogo. Alisimama mbele ya Lango la Brandenburg. Alikula soseji yenye mchuzi wa nyanya na unga wa bizari, ile Currywurst ambayo mama Herta Heuwer alianza kuuza Berlin mwaka 1949. Kisha mkate wa nyama wa Waturuki, ambao Ujerumani iliwaita kufanya kazi kuanzia 1961; leo wao ndio wanalisha mji! Siku moja alikula restora na wenzake wawili, na mtumishi akawauliza: mnalipa pamoja, ao kila mtu yake? Kila mtu akatoa pesa zake. Chakula kile hakikumwachia deni, wala jina la mtu wa kushukuru.

Kwetu mgeni anapewa kiti, anapewa maji, kama kasiksi iko anapewa, na moto unawashwa kwa ajili ya bugali na sombe. Hakuna anayetaja bei. Lakini deni liko: mgeni atoe habari za alikotoka, na siku wenyeji wake watapita kwake, nao wale.

Tusijisifu upesi, hata hivyo. Kijana alifika pia Wilhelmstraße, pahali penye kibao cha ukumbusho: hapo, mwaka 1884-1885, wazungu walikaa kwa Bismarck kupanga kanuni za kugawana bara letu, bila Mwafrika mezani. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alipokelewa na Mwami Rwabugiri kule Rwanda, akapanda Nyiragongo, akapenya misitu ya huku kwetu mpaka mto Kongo. Mwaka 1901 akawa gavana wa koloni lao, Rwanda ikiwa ndani yake. Yule alifikia kwa mtu, na kupokelewa hakukumfunga na lolote.

Wazee walijua pia kwamba kuna meza za kuogopa. Katika hadithi kuu ya Wanyanga, iliyochapishwa mwaka 1969, Mwindo anakwenda chini ya ardhi kwa Muisa, na Kahindo anamwonya akatae kiti, pombe na bugali ya ndizi.

Na yule anayepokea, je? Vita ilipofika Masisi-centre Januari 2025, na Walikale-centre Machi ya mwaka ule, kuna nyumba zilizopokea familia mbili ao tatu kwa mara moja. Tunamjua mama aliyechuma sombe mpaka shamba likabaki miti mitupu. Hakuna aliyemwuliza: pamoja, ao kila mtu yake? Wamoja kati yetu wanasema wazi kwamba swali la Berlin lina heshima yake, sababu halimlemei mtu. Ni kweli. Lakini mwenye kununua anajua bei tu. Aliyelala kwa yule mama anajua shamba lile lilikuwa namna gani mbele hajafika.

Mwisho kijana akakumbuka jambo. Asubuhi ya pili alirudi kwa yule Mturuki, naye akamwuliza anatoka wapi. Kongo. Mturuki akauliza kama vita imekwisha, akamwekea chai mbele yake, akakataa pesa.

— Na mama ulimwambia hiyo?

Alikuwa amesahau. Tukamwambia apige simu tena.