Picha Niliyoifuta

Boti kutoka Mbita ilitushusha Mfangano kwa saa moja. Nikapanda kilima kwa miguu, nikampiga picha mama aliyebeba maji kutoka ziwani. Akaniuliza, "Mwanangu, kwenu mkiteka maji nani huwapiga picha?"

Kumbe wapo. Kwetu ni Kiserian, chini ya milima ya Ngong. Wikendi watu hutoka Nairobi kutembea, wakamkuta mamangu mtoni na mtungi. Wanapiga, hao wanaenda zao. Mimi huwaka! Lakini kisiwani nilikuwa mmoja wao.

Je, mpita njia ana haki ya kutazama? Nadhani anayo. Kubeba sura ya mtu kunahitaji ruhusa, na ruhusa huanza na salamu. Niliifuta picha mbele yake, ndipo nikamwamkia. Nilikuwa nimechelewa.