Juma la Baridi Katika Mji wa Shaba

Mwezi wa Juni unapokwisha, sikukuu ya uhuru ya tarehe 30 ikiisha kupita na shule zikifunga milango yake, mji wa Lubumbashi huingia katika majuma ambayo watu wa pwani wakisimuliwa hawasadiki. Maana nchi hii ya Katanga imeinuka kadiri ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe joto hushuka chini ya digrii 10, hata apitaye alfajiri kando ya ziwa la Karavia huona mvuke umelala juu ya maji, na pumzi yake mwenyewe ikimtangulia. Mchana jua huwaka pasipo ukali, mbingu huwa safi, na tone la mvua halitazamiwi mpaka Septemba au Oktoba. Ni majira mema ya kutembea kuliko yote ya mwaka, na kwa hiyo katika nyumba nyingi huulizwa swali moja: siku hizi za nafasi tufanye nini?

Ukilisikia juujuu swali hilo ni la miguu na mfuko. Walakini nimelifikiri kwa muda mrefu, na kila nilivyolifikiri nimeona kwamba ni swali la roho, na kwamba mja anavyolijibu hudhihirisha anavyodhani juu ya uhai wake, juu ya kazi yake, na juu ya watu wanaomtumikia.

Majibu mepesi yako tayari. Mwenye fedha atakwenda Karavia, penye hoteli kubwa na uwanja wa gofu, akakae juani akitazama maji. Mwenye watoto atawapeleka kwenye bustani ya wanyama, na mpenda elimu ataingia makumbusho ya taifa, aone misalaba midogo ya shaba waliyoitumia wazee kama fedha na kuizika pamoja na maiti wao. Wapenzi wa mpira watakwenda Kamalondo, kwenye uwanja wa TP Mazembe, timu iliyotwaa ubingwa wa Afrika mara 5 na ambayo asili yake ni watawa wa Kibenediktini walioianzisha mwaka 1939 kwa ajili ya wanafunzi wao. Jioni kuna michopo ya mbuzi ikichomwa kando ya barabara, na moshi wake peke yake watosha kumwondolea mtu baridi. Yote hayo ni halali, na mimi si katika wale wanaodhani kwamba Mwenyezi Mungu huchukizwa na furaha ya waja wake. Ninachotaka kuuliza ni hiki: nafasi hiyo ya kupumzika, yaani faragha, ni mali ya nani, na sharti zake ni zipi?

Ili kulijibu swali hilo hapa, na si katika mji mwingine wowote, yafaa tukumbuke kwamba majira haya ya baridi yalikuwa na kazi yake makhsusi kabla mji haujakuwapo. Wazee wa Katanga walioitwa walaji wa shaba, kwa kuwa riziki yao ilitoka ardhini, hawakuyeyusha madini wakati wowote waliopenda. Walingoja mavuno ya mtama yaishe na majani yakauke. Ndipo mkuu alipotoa ruhusa, mizimu ikaombwa, waendao kazini wakajizuia na mambo waliyokatazwa, na tanuri zikajengwa kwa udongo wa kichuguu. Padri Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa askofu baadaye, alizichapisha habari zao mwaka 1926, akiwa amewaona wazee waliokumbuka ufundi huo wakiutenda tena. Kazi ilikuwa nzito, moto ulikesha, na mivukuto ilivutwa mpaka mikono ikafa ganzi. Lakini kazi hiyo ilikuwa na mwanzo uliofunguliwa kwa dua na mwisho uliofungwa na mvua. Mvua za kwanza ziliponyesha, tanuri ziliachwa na watu wakarudi mashambani. Hapakuwa na bwana awezaye kuiambia mvua ingoje.

Kisha ikaja reli kutoka kusini mwaka 1910, mji ukapimwa na kupewa jina la Élisabethville, na mwaka 1911 tanuri la kampuni ya Union Minière likaanza kutoa shaba. Tanuri hilo halikujua masika wala kiangazi. Liliwaka usiku na mchana, watu wakiingia na kutoka kwa zamu, na taka zake zikakusanyika mpaka zikawa ule mlima mweusi usimamao hata leo karibu na bomba refu la moshi, alama ya mji huu. Wengi huwapeleka wageni wao wautazame mlima huo na kupigwa picha mbele yake. Ni vyema, ila ningependa mwenyeji amwambie mgeni wake kwamba anatazama miaka ya usiku wa watu wengine. Lililogeuka hapo, kwa maoni yangu, ni kubwa kuliko kuja kwa mashine: mpaka wa kazi uliondolewa. Kazi iliyokuwa na kikomo kilichowekwa na mbingu ilipewa bwana asiyekuwa na kikomo, na mapumziko yakawa kitu cha kupimiwa mfanyakazi kama alivyopimiwa unga wake.

Naam, kampuni haikuwanyima watu wake michezo. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, ilipoona faida ya kuwakalisha wafanyakazi pamoja na jamaa zao kuliko kuleta wapya kila mara, ilijenga nyumba, zahanati na shule, na viwanja vya mpira pia. Lakini starehe anayopewa mtu ili kesho apate nguvu ya kumzalishia aliyempa ni matengenezo ya chombo, hata ikiwa inapendeza. Jambo hili lilidhihirika kwa msiba. Desemba ya mwaka 1941, katikati ya vita, bei zilipokwisha kupanda na mshahara usitoshe, wafanyakazi waligoma na kukusanyika katika uwanja wa mpira wa mji huu, na huko, tarehe 9, wakapigwa risasi. Makumi wakafa, na miongoni mwao Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao. Uwanja ulikuwa wao maadamu waliutumia kwa kucheza. Siku walipoutumia kwa kusema kwamba wao ni watu, ulikuwa wa mwenyewe. Sijui hoja iliyo kubwa kuliko hiyo ya kuonyesha tofauti kati ya faragha iliyo haki ya mja na faragha iliyo hisani ya bwana, iwezayo kuondolewa wakati wowote.

Wenye hikima wa Uyunani waliitukuza faragha kuliko kazi, na Aristotle alifundisha kwamba tunashughulika ili tupate nafasi, na kwamba katika nafasi hiyo ndimo akili ifanyamo yaliyo bora. Ni neno zuri, na mara nyingi limenipa faraja. Lakini nafasi ya mwungwana wa Uyunani ilisimama juu ya mgongo wa mtumwa, na mwenye hikima huyo hakuona aibu kuyaandika yote mawili. Hapa ndipo Torati inapompita mbali. Amri ya siku ya saba haikumwambia mwenye nyumba apumzike na kunyamaza. Ilimtajia mtumwa wake na mjakazi wake, ng'ombe wake na punda wake, na mgeni aliye ndani ya malango yake, kisha ikamkumbusha kwamba yeye naye alikuwa mtumwa katika nchi ya Misri. Mapumziko ya bwana hayatimii pasipo mapumziko ya anayemtumikia. Katika mji huu wa shaba ipo sinagogi iliyojengwa karibu na mwaka 1930 na Wayahudi ambao wengi wao asili yao ni kisiwa cha Rhodes. Jamaa zao wamepungua sana, lakini jengo lipo, na apitaye mbele yake aweza kuikumbuka amri hiyo hata kama yeye si wa dini hiyo.

Wakristo, walio wengi sana hapa, wana neno la Bwana wao kwamba sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu. Waislamu, walio wachache, wanafundishwa katika Qurani waache biashara unapoadhiniwa wito wa sala ya Ijumaa, na sala ikiisha watawanyike katika ardhi wakitafute kilicho cha fadhila ya Mungu; kadhalika Mtume wao aliwaonya kwamba zipo neema 2 ambazo wengi hupata hasara ndani yake, nazo ni afya na faragha. Ijumaa yao si siku ya kulala; ni mpaka uliochorwa katikati ya shughuli ili muuzaji ajue kwamba soko si mola wake. Nikiyatazama mafundisho haya pamoja, pasipo kuyachanganya wala kuficha hitilafu zake, naona yote yanairudisha ile mvua ya walaji wa shaba: yanaweka mahali ambapo amri ya bwana inakoma.

Huenda mtu akaniambia kwamba nimesahau wenye njaa. Atasema: juma la mapumziko ya mwenye nacho ndilo juma la riziki ya asiye nacho, mwuza michopo, dereva wa teksi, kijana apokeaye wageni hotelini, mama auzaye makala, yaani makaa, wote hao hungoja wengine wapumzike ili wao wapate chochote, na lau mji mzima ungeketi, watoto wao wangelala bila bukari, yaani ugali. Hoja hii ni ya kweli na siwezi kuipuuza. Hasa makala: katika baridi hii kila ua lina babula yake, yaani jiko la makaa, na makala hayo huletwa kwa baiskeli zilizolemewa na magunia, zikisukumwa kutoka mwituni ambako kila mwaka miti husogea mbali zaidi na mji. Aotaye moto huo hupumzika juu ya jasho la msukuma baiskeli na juu ya kivuli ambacho wajukuu wake hawatakiona. Simkatazi kuota moto. Namtaka alipe bei ya haki pasipo kumkaba maskini kwa senti, ajue alichokinunua, na akiweza apande mti.

Lakini anayenishughulisha zaidi ni mlinzi. Katika mitaa yetu ya upande wa Karavia na Golf kila lango lina sentineli wake, na kipupwe ndicho kipimo chake, kwani hukesha juu ya kigoda akiwa na koti kuukuu na babula yenye makaa machache. Mmoja nilimwuliza usiku wa Julai kama hachoki, akanijibu kwa Kiswahili cha mji wake, kwa upole na pasipo uchungu wowote: "Miye nachungaka tu usingizi ya bengine, papa." Nikimkumbuka, naisoma upya ile orodha ya Torati yenye mtumwa na mgeni wa malangoni, na naona kwamba mwanadamu huyu ametajwa, tena ametajwa mahali pake hasa. Hoja ya riziki haimwondolei mtu haki ya kupumzika. Yamlazimu mwajiri apange zamu, ampe usiku wake katika juma, na siku hiyo asikate mshahara. Mji hauhitaji kusimama wote kwa siku moja. Kila mtu ahitaji kuwa na siku ambayo mpaka huo unamlinda yeye pia.

Padri Placide Tempels, aliyechapisha kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu mjini humu mwaka 1945, alidai kwamba kwa watu wa nchi hii kuwako ni kuwa na nguvu, na kwamba nguvu ya mtu huzidi au hupungua kwa sababu ya watu wengine. Wengi wamemkosoa, nami naona alikusanya mataifa mengi katika kapu moja. Lakini kwa habari ya mapumziko fikira hiyo ina faida: humwonya mtu asidhani kwamba amepumzika kwa kuwa tu amejitenga. Yupo arudiye kutoka juma zima la starehe akiwa amechakaa kuliko alivyokwenda, kwa kuwa hakukutana na mtu.

Ndiyo sababu, nikishauriwa, husema kwamba jambo jema kuliko yote la kufanya katika juma la baridi ni kwenda Makwacha, kijiji kilicho nje ya mji, ambako wanawake huzipamba kuta za nyumba zao katika majira haya ya ukavu kwa udongo wa rangi, mweupe na mwekundu na mweusi, wakichora wanyama, maua, watu na michoro ambayo kila mmoja hubuni mwenyewe. Wanafanya kazi tangu asubuhi, mikono imejaa tope, na pasipo bwana wa kuwaamuru. Mvua zikirudi huzifuta nyingi za kazi hizo, na mwaka ujao huanza tena. Wala tusiwafanye malaika: wana shida za maji na mashamba kama jirani zao, na mgeni aendaye kuwatazama na awasalimu wenye nyumba kwanza, aombe ruhusa, na atoe kitu kwa adabu. Walakini nimeona kwao kazi na mapumziko vikiwa kitu kimoja, jambo ambalo tanuri la mji halikuweza kulifanya.

Basi nyumba inayopanga juma lake na ianze kwa kuwahesabu wanaoitumikia kabla ya kuchagua mahali pa kwenda. Aketi baba na mama pamoja na watoto waliokwisha kupata akili, wahesabu ni nani watakaobaki wakati wao wako Karavia au Makwacha: mlinzi, mpishi, kijana wa bustani. Wamwulize kila mmoja ni siku gani aitakayo, maana mwingine ana ibada Jumamosi, mwingine Jumapili, na mwingine ana mama mgonjwa Ruashi au Katuba asiyemwona tangu Pasaka. Siku hizo ziandikwe kwanza, mshahara wake ukiwa kamili. Kisha familia ijipangie matembezi yake katika siku zinazobaki, na kama zikibaki chache, matembezi na yawe machache.