Usilitundike Koti Dirishani

Kaskazini Mashariki mwa Kenya hatuna reli. Mradi wa LAPSSET, wa bandari, barabara na reli, ulipozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, ramani ilionyesha treni ikipita Garissa kuelekea Isiolo, lakini treni hiyo bado tunaisubiri. Ndiyo maana vijana wetu wanaoshika njia ya kusini kutafuta riziki hukutana na treni ya kulala kwa mara ya kwanza wakiwa tayari ugenini, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kuwapa tahadhari. Kisa hiki ni chao, na ni cha mama zao pia.

Kijana mmoja wa Garissa aliitwa na binamu yake mwenye duka Mayfair, mtaa wenye Wasomali wengi jijini Johannesburg. Mama yake, muuza maziwa ya ngamia, aliuza mbuzi ili nauli ipatikane. Pasipoti ilikuwa imepatikana kwa taabu zaidi. Mwaka 1989 serikali iliwataka Wakenya wa asili ya Kisomali wathibitishe uraia wao upya, na kwa miaka mingi baadaye kijana wa huku hakupewa kitambulisho mpaka akae mbele ya kamati ahojiwe babu yake ni nani na alizikwa wapi. Huyu alihojiwa, akasubiri, akapata kitambulisho, ndipo akaruhusiwa hata kuomba pasipoti.

Barabarani alikuwa macho. Kati ya Garissa na Nairobi abiria huteremshwa kwenye vizuizi, wakapanga foleni vitambulisho mkononi, na tangu utotoni alijifunza kusinzia kwenye basi huku kiganja kikiwa juu ya mfuko wa shati. Dar es Salaam akapanda treni ya TAZARA, kwenye ile reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia 1970 hadi 1975, inayoishia Kapiri Mposhi, Zambia. Chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne. Akakuta godoro, shuka, blanketi, na mlango unaokomewa kwa ndani.

Kilichomponza ni kile kitanda. Anayelala kitini hasahau kwamba yuko safarini, lakini ukimpa mtu shuka na mto, mwili wake huamini umefika nyumbani. Kijana akavua koti lenye pasipoti, kitambulisho, cheti cha chanjo ya homa ya manjano na dola zake zote, akalitundika kwenye kulabu kando ya dirisha. Akafunga kikoi, akajinyoosha kitanda cha chini.

“Mwanangu, tufunge dirisha kabla hatujalala,” mzee wa kitanda cha juu akamwambia. “Na hilo koti lilalie.”

“Joto, mzee wangu. Nitalifunga baadaye kidogo.”

“Hiyo baadaye itakukuta usingizini.”

Ikamkuta usingizini kweli. Usiku treni hukata bonde la Kilombero, kwenye joto na mbu, ikisimama stesheni zenye taa chache ambako wachuuzi wa ndizi na chai hupita chini ya madirisha. Wachuuzi hao ni watu wa haki wanaokesha kwa ajili ya watoto wao, nami sitaki mtu awashuku. Lakini katika giza lile mwizi mmoja mwenye fimbo ndefu anatosha. Wasafiri wazoefu hukaza dirisha kwa kipande cha ubao ili lisisukumwe kutoka nje.

Kulipopambazuka treni ilikuwa ikipanda kuelekea Makambako, ikiingia handaki na kutoka. Baridi ya nyanda za juu ikamwamsha. Akanyoosha mkono kwenye kulabu, macho hayajafunguka vizuri, akapapasa bati tupu. Akainua godoro, akakung'uta blanketi, akapiga magoti sakafuni kuangalia uvunguni. Mzee alikuwa ameketi akilitazama dirisha, asiseme neno.

Kwenye mpaka wa Tunduma na Nakonde maafisa wa uhamiaji huwafuata abiria humo humo ndani ya treni. Asiye na pasipoti hawezi kuonyesha hata kwamba Tanzania yenyewe aliingia kihalali, na kijana wa Kisomali kwenye njia hiyo, inayotumiwa pia na wasafirishaji haramu wa watu, ataulizwa zaidi ya wengine. Mzee akamshauri ateremke Mbeya, akaandikishe polisi kwamba ameibiwa. Ulikuwa ushauri wa kuokoa.

Simu ilikuwa imebaki chini ya mto. Akampigia mama yake.

“Hooyo, nitafutie kopi ya pasipoti.”

“Kopi gani, mwanangu? Uliniachia kopi?”

Hakuwa ameacha. Kopi moja ingekuwa sandukuni kwa mama na picha nyingine kwenye simu ya binamu, kazi ya kujieleza ingekuwa nyepesi. Na pasipoti yenyewe mahali pake ni kwenye mfuko wa kitambaa ndani ya nguo, upande wa ubavu unaolalia, pesa zikiwa zimegawanywa sehemu mbili tatu.

Alirudi Dar es Salaam kwa basi, akapata hati ya dharura ya kusafiria. Hati hiyo humrudisha mtu kwao tu, haimpeleki mbele. Garissa alianza upya: kitambulisho kwanza, kisha pasipoti. Binamu alimsubiri kwa muda, lakini duka halikai bila mtu, na kabla pasipoti mpya haijatoka nafasi ile ilikuwa imechukuliwa na kijana mwingine.