Amana Isiyofunguliwa

Rafiki yangu alipopata kazi ya ulinzi Doha, alikuja kwetu Mtopanga, huku Kisauni, na gitaa lake ndani ya begi gumu jeusi. "Nitunzie, kaka. Usimpe mtu." Nikaapa. Nikalisukuma uvunguni na kwa miaka miwili sikulifungua. Wadogo zangu wakilikaribia, nawagombeza. Nilijiona mwaminifu kweli kweli.

Masika moja nikalivuta nifagie. Kufungua tu, harufu ya ukungu ikanipiga puani. Nyuzi zilikuwa nyekundu kwa kutu. Ubao wa mbele ulikuwa umevimba katikati, na daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi, limebanduka kwa nyuma kiasi cha laini ya simu kupita.

Nikalipeleka kwa fundi Changamwe. "Lilikuwa wapi, mwanangu?"

"Chini ya kitanda, mzee. Sijaligusa kabisa."

"Ndiyo shida yenyewe hiyo."

Mbao hata ikishakuwa gitaa haijaacha kunywa maji. Watengenezaji wengi hushauri unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 45 na 55. Mombasa tunapita hapo karibu mwaka mzima, na alfajiri ndiyo mbaya zaidi. Ubao ukinywa unapanuka, na kwa kuwa pembeni umeshikwa na gundi, hauna pa kwenda ila juu. Joto nalo linalegeza gundi, huku nyuzi zinavuta usiku na mchana. Nilidhani begi linazuia unyevu, kumbe limeufungia ndani.

Tangu madrasa tunaambiwa amana ya mtu haiguswi. Mimi nilishika hapo tu. Lakini Imamu Nawawi, aliyefariki 1277, katika Minhaj, kitabu kikubwa cha fiqhi ya Kishafi inayofuatwa sana Pwani yetu, ana mfano mwingine. Ukiwekewa amana nguo za sufi, ni wajibu wako kuzianika upepo zisiliwe na wadudu. Zikihitaji kuvaliwa ndiyo zisalimike, zivae. Ni wajibu, si ruhusa tu. Lakini ukizivaa kwa starehe yako, umeingia kwenye hiana.

Kwa hiyo kugusa peke yake si kosa. Swali ni unagusa kwa faida ya nani. Na swali hilo likanigeukia: kutogusa kwangu je, kulikuwa kwa faida ya nani?

Jibu silipendi. Ningelifungua na uzi ukakatika mkononi mwangu, lawama ingekuwa yangu. Likiharibika lenyewe, nasema ni hewa ya Mombasa. Yaani miaka miwili nilikuwa natunza jina langu, si gitaa. Nimewafanyia hivyo hata watu: mwenzangu amefiwa, simpigii simu, nasema namwacha apumzike, kumbe naogopa kukosea maneno.

Utaniambia mlango huo ni mpana. Leo unalipiga ili lisiharibike, kesho umelibeba harusini ukalipwa, na bado unaita hiyo kutunza. Ni kweli, na mimi sijiamini kiasi hicho. Ndiyo maana mwenye mali anafaa kuulizwa. Nawawi aliandika zamani za misafara, mwenye mali akishaondoka ameondoka. Mimi nilikuwa na WhatsApp. Tulitumiana vichekesho kila wiki, na gitaa sikulitaja hata mara moja.

Nilimpigia, nikamwambia yote. Akanyamaza kidogo.

"Kwani muda wote huo hukulipiga hata siku moja?"

Fundi aliligundisha daraja, kovu limebaki. Siku hizi nalitoa kila alasiri, unyevu ukiwa umepungua kidogo. Napiga nusu saa, nafuta jasho la vidole kwa kitambaa kikavu, kisha nalirudisha pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya, ambavyo navyo vikishiba maji havisaidii tena, lazima ubadilishe. Begi linakaa juu ya kabati, mbali na ukuta wa nje.

Kupiga sijui, na wadogo zangu wananicheka. Mwenyewe akirudi atakuta shingo ya gitaa imechakaa kwa vidole visivyo vyake. Hilo nitaweza kumweleza nikimtazama usoni.