Je, Tumsubiri Daktari Ndipo Tumfundishe?

Mzazi wa hapa Pemba anapoona kwamba mtoto wake wa miaka mitatu hageuki akiitwa jina, hanyooshi kidole kuonyesha akitakacho, hurudia neno moja kutwa nzima na huziba masikio kwaya inapoanza kuimba, hupewa majibu mengi kabla ya kupata msaada. Jirani humwambia asubiri, kwani hata baba yake alichelewa kusema. Mwingine humshauri aende kwa mganga. Kanisani nako, na hili ndilo linalotuhusu zaidi, hakosi wa kumnong'oneza kwamba ni pepo, au ni malipo ya jambo alilolifanya mama. Daktari anaweza kusema, "Huenda ni usonji," lakini mtaalamu wa kulithibitisha mara nyingi hupatikana ng'ambo ya bahari.

Neno "huenda" huwaweka wazazi njia panda kwa miezi, hata miaka. Wakati huohuo mtoto anakua. Basi mtoto ambaye hatujajua kwa hakika ana nini, tunadaiwa nini kwake, na tunadaiwa lini?

Wanafunzi wa Yesu waliuliza swali jingine. Katika Yohana sura ya 9, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kuambiwa nani alikosa, yeye au wazazi wake. Bwana aliyakataa majibu yote mawili, akatengeneza tope, akaanza kazi. Lakini swali lile halikufa, hata kwa wasomi. Daktari Leo Kanner alieleza usonji huko Marekani mwaka 1943, akiandika habari za watoto 11. Kwa miaka mingi baadaye wataalamu wenye majina makubwa walifundisha kwamba chanzo chake ni mama asiye na upendo. Mafundisho hayo yaliwaumiza mama wengi kabla ya kuachwa. Leo inajulikana kwamba usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, nayo huanza mapema sana. Mama hakuusababisha kwa malezi yake.

Sisi Walutheri tunayo habari yetu ya kutunyenyekesha. Katika Mazungumzo ya Mezani, yaliyoandikwa na waliokula pamoja na Luther, inasimuliwa kuhusu mtoto wa miaka 12 huko Dessau, aliyekuwa akila bila kiasi na kupiga kelele akiguswa. Inasemekana Luther alimwona kuwa nyama isiyo na roho, akashauri auawe; watawala wa huko walikataa. Lakini Luther huyohuyo, katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, alitetea ubatizo wa watoto wachanga kwa sababu ubatizo unasimama juu ya Neno la Mungu, wala hautegemei nguvu ya imani ya anayebatizwa. Fundisho hili linamshinda Luther wa Dessau. Tulipombatiza mtoto akiwa wa miezi miwili hatukumtaka ajibu chochote. Kwa nini tumhesabu pungufu akifika miaka mitano bila kujibu?

Ikiwa mtoto ni wetu tangu ubatizo, basi deni la kumfundisha limekwisha kuanza, daktari apatikane leo au baada ya miaka miwili. Tunalilipaje? Marko sura ya 7 inatuonyesha. Waliletewa Yesu mtu kiziwi, ambaye pia kusema kulimshinda. Alimtenga na umati. Alimtia vidole masikioni, akamgusa ulimi, akainua macho mbinguni. Mtu asiyesikia alielezwa kwa vidole na macho kile kinachokwenda kutendeka. Bwana alitumia kwanza lugha ambayo mtu yule aliweza kuielewa, ndipo akasema neno la kumfungua.

Nyumbani hili si jambo kubwa. Kwanza masikio ya mtoto yapimwe hospitalini, maana asiyesikia vizuri naye hageuki akiitwa. Kisha tuseme naye kwa maneno machache, agizo moja kwa wakati mmoja, na baada ya kusema tunyamaze tumpe nafasi. Shughuli za siku zifuate mpangilio uleule, na zichorwe kwenye karatasi: ndoo ya kuogea, sahani, kanisa, kitanda. Akijua kinachofuata, hofu hupungua. Tusimlazimishe kututazama machoni. Tuanzie kwenye kile anachokipenda. Anayependa kupanga vitu mstari apewe karafuu achambue, karafuu huku na makonyo huku. Humo atajifunza kuhesabu, kungoja zamu, na maneno "bado" na "tayari". Kazi ndefu, kama kuvaa nguo, igawanywe hatua ndogo, na kila hatua akiifaulu asifiwe.

Je, tuombe? Ndiyo, kila siku. Lakini kumshika mtoto kwa nguvu na kumkemea kwa sauti kubwa, ilhali kelele ndiyo inayomtesa, hakufanani na yule Bwana aliyemtoa mtu katika umati. Na anayemwambia mama kwamba kwenda kwa mwalimu ni upungufu wa imani asome tena Marko 7.

Misaada ipo, ingawa haitoshi. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilikubali elimu mjumuisho, hivyo mzazi asione haya kumpeleka mtoto skuli ya karibu na kuzungumza na mwalimu mkuu. Jumuiya ya ZAPDD huwaunganisha wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili na wa ukuaji hapa visiwani. Kanisa letu nalo lina Shule ya Irente Rainbow kule Lushoto, inayofundisha watoto wa aina hii. Sisi Wakristo wa Pemba ni wachache, na mara nyingi mama Mwislamu wa nyumba ya pili ndiye anayeyajua mateso haya kwa sababu naye ana mtoto kama huyo. Mama hawa wawili wakikaa kibarazani wakasaidiana, tumshukuru Mungu.

Usharika nao una sehemu yake. Benchi la karibu na mlango liwekwe kwa ajili ya familia hiyo, ili mama atoke na kurudi bila kugeukiwa na macho ya watu wote. Mwalimu wa Shule ya Jumapili aandae picha. Na ukifika wakati wa Kipaimara, kijana asiyesema aulizwe kwa njia anayoiweza, hata kama jibu lake ni kugusa picha ya msalaba. Mambo haya hayahitaji cheti cha daktari. Tunaweza kuyaanza Jumapili ijayo.