ELIMU YA MWITU NA HAKI ZAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyi Ezi Mungu, aliyeotesha miti asiyoipanda mtu, akawafunza nyuki kujenga majabalini na mitini pasina mwalimu. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada. Enyi ndugu Waislamu, wako watu wa pwani waendao bara kwa biashara, wakafika Arusha chini ya Mlima Meru, wakamwona mwenyeji ajuaye mti wa dawa, na penye maji, na penye asali, wakamdharau, wakasema, "Hiyo ni elimu ya washenzi." Neno hili ni kosa katika akili, na katika dini ni kosa kubwa zaidi.

Alipohajiri Mtume (S.A.W.) mwaka 622, yeye na Abubakar walimwajiri Abdallah bin Uraikit awaongoze njia. Mtu huyo wakati ule hakuwa Mwislamu, lakini alikuwa hodari wa njia na mwaminifu. Wakampa ngamia wao, wakaagana naye akutane nao kwenye pango la Thauri baada ya siku tatu. Akawapitisha upande wa pwani hata wakasalimika. Basi ikiwa Mtume aliandama elimu ya mtu yule, ni nani leo ajionaye mkubwa asijifunze kwa jirani yake?

Na sahaba 300 walipopelekwa upande wa bahari pamoja na Abu Ubaida, chakula kilipunguka hata fungu la mtu likawa tende moja kwa siku. Wakapiga majani ya miti kwa fimbo, wakayarowesha maji, wakala. Kisha bahari ikawatupia samaki mkubwa mno. Abu Ubaida hakukurupuka kula. Alisita kwanza, kwa kuwa alikuwa mfu, kisha akawaruhusu kwa dharura yao. Waliporejea wakamweleza Mtume, naye akataka sehemu yake, akala. Hapa mna mafunzo mawili: kujua kilichopo mwituni, na kujua hukumu yake kabla ya kutia mkono.

Mlima Meru umepita mita 4,500, nao ulitoa majivu mwaka 1910. Udongo wake una rutuba, na vijito vyake huwanywesha Wameru na Waarusha. Na kule Ziwa Eyasi, Wahadzabe humfuata ndege awaitaye kwa sauti hata akawafikisha penye nyuki. Hii ni neema; na killa neema ina haki zake.

Kwanza: asali ya mwitu isiyo na mwenyewe ni ya aliyetangulia kuitwaa. Lakini mzinga uliotundikwa una mwenyewe, hata ukiwa katika mti usio wa mtu. Auvunaye usiku ni mwizi, ijapokuwa hapana amwonaye ila Mola wake.

Pili: atiaye moshi kuwafukuza nyuki, kisha akauacha moto wake, ukateketeza msitu, amewadhuru watu wengi kwa kibuyu kimoja cha asali. Na chenye kudhuru mwili, kama uyoga wenye sumu, ni haramu kukila. Basi asiyejua na amwulize ajuaye.

Tatu: Mtume alikinga malisho ya Nakii kwa ajili ya farasi wa jihadi, na kiongozi ana ruhusa kukinga mahali kwa maslaha ya watu wote. Ngurdoto ilikingwa mwaka 1960, na Mlima Meru ukaongezwa mwaka 1967, ikawa Hifadhi ya Arusha. Asiseme mtu kuwa mali ya serikali haina mwenyewe. Wenyewe ni umma mzima, na Siku ya Kiyama ni wadai wengi.

Nne: Mtume amekataza kuwapokea wenye bidhaa njiani kabla hawajafika sokoni. Afuataye mwenyi asali mlimani, akamficha bei ya mjini, amemdhulumu. Na kwa Imamu Shafii, muuzaji aliyepunjwa ana khiyari ya kuvunja biashara ile akisha kuijua bei. Na asali yenyewe, kwa kauli yake ya mwisho, haina zaka. Lakini ikisha kuwa bidhaa, zaka ya biashara huipasa.

Alkhasil, jifunzeni kwa ajuaye, twaeni kilicho halali, na mrejeshe haki za watu kabla haijafika siku ambayo hapana dinari wala dirhamu.

Ewe Mola, turuzuku halali, na utukinge na dhuluma. Amin.